Kilo Sitini na Nne

Bunia, Saio, 12 Februari 2024

Yaya Kaswera,

Nakusalimu, wewe na binti yako Kanyere, na ninatumaini hizi mvua za Kampala hazijakuletea tena kile kikohozi. Mama kule Lubero anaendelea. Macho tu ndiyo yanamsumbua, anamwita kila mtu kwa jina la marehemu baba. Mke wangu Musoki na watoto wamebaki Butembo, wanakula, wanasoma, Dorcas ameingia darasa la tano. Mimi niko hapa hapa, kwa ile magazini, ghala la bosi la kakao, huu ni mwaka wa sita nabeba magunia. Mjini kumetulia. Risasi hatujasikia tangu Noeli, ila watu bado wanaweka viatu karibu na mlango, na malori ya kwenda Mahagi hayaondoki mpaka yawe mengi na yasindikizwe. Barua hii nimempa Gaspard, yule dereva wa kwetu anayevuka mpaka hadi Kampala. Sijui itakufikia lini.

Utajiuliza kwa nini sipigi simu. Sikio la kushoto limeziba tangu mwaka jana, na la kuume linavuma kama mashine ya kusaga muhogo. Ukinipigia nasikia tu kwamba kuna mtu. Ningelazimika kumpa simu Eugène, mwenzangu wa chumba na wa kazi, akusikilizie, na mambo haya si ya Eugène.

Neno lenyewe ni hili. Nina uvimbe shingoni, chini ya sikio lile lililoziba, mkubwa kama yai la bata. Asubuhi pua inatoa damu. Nilidhani ni mizigo. Hospitalini waliingiza waya puani, wakakata kipande, wakakituma mbali, jibu likachukua majuma saba. Daktari aliisoma karatasi, akaikunja, akaifungua tena. Akasema, "Papa Katsuva, ni kansa, iko nyuma ya pua. Kuikata kwa kisu haiwezekani. Inatibiwa na mashine ya miale, na siye hapa hatuna. Ya karibu iko Kampala."

Alipotaja jina la hospitali nikacheka. Akashangaa. Nikamwambia, dada yangu mkubwa ndiye anayepiga deki kule.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayefagia mlango wao. Mtu anaingiaje? Mama asijue. Musoki nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Katsuva


Kampala, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Katsuva,

Sisi wazima. Kanyere ameanza kushona, ameshaharibu vitenge viwili vya watu na mimi ndiye ninayeomba radhi. Mfereji wa nyuma ya nyumba umejaa, tunatoka kwa kuruka. Mama mfikishie salamu zangu, hata akikuita baba.

Barua yako niliisoma chooni, maana pale kazini ndiyo sehemu pekee ambapo hakuna anayeniita. Nilikaa mpaka wakanigongea.

Sasa sikiliza vizuri, nimeuliza na nimeona. Vyumba vya mashine ni viwili. Cha zamani wanachora alama kwenye ngozi ya mgonjwa, wanampiga miale kwa kufuata zile alama, na foleni yake ni ndefu. Kwenye kile kipya, mashine inampiga mtu picha kwanza, kila siku kabla ya matibabu. Wanailinganisha na picha ya siku ya kwanza, kitanda kinasogezwa kidogo tu, kama unene wa ukucha, ndipo inapiga. Inaukwepa uti wa mgongo, inakwepa macho, inakwepa tezi za mate. Ndiyo hiyo nakutakia. Lakini ni moja, na inachukua watu wachache. Madaktari wanakaa kila Alhamisi na mafaili mezani wanachagua nani aingie.

Nilimuuliza sista wa chumba kile. Akasema, "Mama Kaswera, huyo ndugu yako anaweza kulala chali dakika ishirini bila kujitikisa, uso umefungwa ndani ya kofia ya plastiki?" Nikamwambia, huyo kulala hana shida, shida ilikuwa kumwamsha.

Haya ndiyo wanayoangalia. Ugonjwa usiwe umeshuka kifuani, kwa hiyo piga foto ya kifua. Meno mabovu yang'olewe mapema, maana baada ya miale taya halikubali kuguswa. Uweze kuja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, majuma saba bila kukosa, na uwe na mtu wa kukutunza. Huyo mtu ni mimi. Na mganga yeyote asikuchome wala asikuchanje pale shingoni.

Lakini kubwa zaidi ni kilo. Alhamisi napiga deki kwenye kijia cha mbele ya chumba chao na mlango huwa wazi kwa sababu ya joto. Wanazungumza kilo tu. Faili la mtu aliyekonda wanaliondoa, wanaliweka pembeni upande wa dirisha. Nimeliona kwa macho yangu, majuma mawili mfululizo. Kwa hiyo, Katsuva, kula. Usipungue. Pima kila baada ya majuma mawili, uandike, utume pamoja na picha na karatasi zote.

Yaya yako,
Kaswera


Bunia, 14 Aprili 2024

Yaya,

Salamu nyingi. Barua yako ilifika tarehe 12 Machi, Gaspard aliitoa ndani ya kofia yake. Mama amevuna maharage. Musoki anauliza kwa nini sikwenda Pasaka, nimemwambia njia ya Komanda haijakaa vizuri, na hilo ni kweli kila siku, halihitaji kutungwa.

Meno nimeng'oa matatu. Yule wa meno ana mkono kama wa fundi seremala. Alipomaliza la tatu akaniuliza kama nataka kuyabeba. Nikamwambia ayaweke, huenda akapata mtu wa kumwekea.

Foto ya kifua imetoka safi, daktari ameandika hivyo mwenyewe. Picha za kichwa na shingo ziko ndani ya bahasha. Kwa ajili ya kilo, hospitali iko mbali na kazi na bosi haruhusu mtu kutoka kila mara. Nimemwomba daktari nipime kwa mizani ya magazini, ile kubwa ya chini inayopandwa, akakubali mradi karatasi iwe na muhuri. Siku ya kwanza nilipopanda, wenzangu waliacha kazi wakaja kutazama. Eugène akasema, "Muzee, tukuandike daraja ya kwanza ao ya pili? Naona weye bado una unyevu." Mwingine akasema kakao ya namna hii bosi anairudisha Komanda.

Kilo zangu ni hizi: tarehe 15 Machi, sitini na nne. Tarehe 29 Machi, sitini na nne. Tarehe 12 Aprili, sitini na nne.

Kichwa kinauma upande mmoja, na kuna siku nawaona Gaspard wawili. Mengine hayana shida. Faili lote limo. Liweke mkononi mwa daktari, usilipitishe kwa karani.

Katsuva


Kampala, 26 Mei 2024

Mdogo wangu,

Habari za hapa ni nzuri. Kanyere amepata mteja wa sare za shule, ishirini na tatu, na safari hii anapima mara mbili kabla ya kukata. Mwenye nyumba ameziba mfereji. Ameuziba kwa matope, lakini tumemshukuru. Kuku wangu wametaga. Nimeota niko Lubero naokota kuni na mama, wewe uko mgongoni kwangu, mzito kama jiwe.

Faili lako nililiweka mkononi mwa daktari kama ulivyosema. Wamelisoma Alhamisi iliyopita. Wamekukubali, Katsuva. Lakini ni chumba cha zamani. Foleni yake inakupeleka hadi Novemba.

Nilimsubiri daktari kwenye kijia, fagio mkononi, nikamuuliza kwa nini si chumba kipya. Alinieleza. Nitakueleza siku nyingine, leo mkono unauma.

Kuna neno nataka unijibu, na unijibu wewe mwenyewe bila kumshirikisha Eugène. Hiyo mizani ya magazini, unapandaje? Unapanda peke yako?

Yaya yako,
Kaswera


Bunia, 20 Juni 2024

Yaya,

Nakusalimu. Mama hajambo. Mji ni ule ule, juzi kulikuwa na kelele upande wa Djugu na watu wengine wameingia na magodoro kichwani, halafu pakatulia tena. Nafurahi kwa sare za Kanyere.

Umeniuliza, nitakujibu.

Kwa miaka sita, mkulima akileta kakao, mmoja wetu anasimama nyuma ya gunia na kuliinua kidogo kwa goti. Mkulima anaangalia namba, haangalii goti. Kilo mbili, kilo tatu, zinabaki kwa bosi. Tulifundishwa siku ya kwanza ya kazi, kabla hata ya kuonyeshwa choo. Kwangu Eugène alifanya kinyume. Alisimama nyuma yangu akanikandamiza mabega, mpaka namba ikafika sitini na nne, ile ya hospitali ya Februari. Mara ya kwanza ilikuwa kidogo tu. Mara ya tatu alisema, "Muzee, kula kitu, mikono yangu itakatika." Karani wa magazini akapiga muhuri. Karani naye anaangalia namba.

Kilo za kweli: Machi nilikuwa na sitini. Aprili hamsini na sita. Leo asubuhi nimepanda peke yangu, hamsini na moja.

Fufu haipiti. Nakunywa uji, na uji wenyewe unarudi kwa pua. Magunia sibebi tena, bosi amenipa sindano nashona yaliyotoboka. Hakunifukuza, ana moyo mzuri siku nyingine. Suruali nafunga kwa kamba ya gunia.

Wewe uliniambia nisipungue. Nilijaribu, Yaya. Chakula ndicho kilichokataa.

Sasa nakuomba jambo moja. Usimwambie daktari. Novemba ni mbali lakini ni tarehe. Wakijua, hata chumba cha zamani nitakikosa.

Katsuva


Kampala, 11 Julai 2024

Katsuva, mdogo wangu,

Salamu za nyumba nzima. Leo sina habari za kuku.

Nimemwambia daktari. Nilimwambia siku ile ile barua ilipofika, nikiwa bado na maji ya deki miguuni. Kasirika ukitaka.

Na mimi nina la kwangu, nilikuficha mwezi wa tano. Daktari alivyonieleza ni hivi. Wote wanaoletwa Alhamisi wana uvimbe mahali pagumu kama wewe. Kinachowatenganisha ni mwili. Mtu akikonda, uso unalegea ndani ya ile kofia, uvimbe unahama na kila kitu kinahama nao. Wakimpiga kwa alama za siku ya kwanza, miale inaangukia pasipotakiwa. Mashine inayopiga picha kila siku inaona mabadiliko hayo, na wao wanapanga upya. Ndiyo maana chumba kipya wanawapa wale wanaokonda. Mtu ambaye kilo zake hazisogei anaweza kungoja chumba cha zamani.

Akalifungua faili lako mbele yangu. Akasema, "Mama, ndugu yako sitini na nne, sitini na nne, sitini na nne. Nilisema huyu ni ukuta, atangoja. Ningejua anaanguka hivi, ningemwita mwezi wa tano, na tungemwekea mpira wa chakula tumboni kabla hajafika hapo."

Upande wa dirisha, Katsuva. Mafaili ya waliokonda yaliyokuwa yakiwekwa upande wa dirisha, mimi nilidhani ni ya kutupwa. Yalikuwa ya chumba kipya. Niliona kwa macho yangu, nikakuandikia kwa mkono wangu.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningelia yakaisha.

Sasa fanya haya upesi. Nenda hospitali wakupime kwa mizani yao. Waombe mpira wa tumbo. Piga foto mpya ya kifua, maana ile imezeeka na bila mpya hawezi kukupeleka mezani. Kuna nafasi moja ya chumba kipya, inafunguka mwanzoni mwa Septemba. Amesema vitu hivyo vikifika kabla, atakupigania.

Yaya yako


Bunia, 18 Agosti 2024

Yaya Kaswera,

Nimekasirika siku moja, imepita. Na ya dirisha usiyabebe peke yako, mikono ilikuwa ya Eugène na mabega yalikuwa yangu.

Barua yako ilikaa Mahagi siku kumi na saba pamoja na Gaspard na lori lake, njia ilikuwa imefungwa. Alipofika alinipa bila kunisalimu, akaenda kulala.

Musoki amekuja. Nilimtumia neno, akapita Komanda na mtoto mmoja mgongoni. Alisimama mlangoni akaitazama ile kamba ya suruali. Akasema, "Weye ulinificha mimi, ao ulijificha mwenyewe?" Akaingia akaanza kufagia, na tangu siku hiyo ndiye anayenimiminia uji kwenye mpira. Mpira umewekwa, uko kushoto ya kitovu, unafanya kazi. Ni ajabu kushiba bila kuonja.

Hospitalini muuguzi aliniambia, "Papa, vua koti, vua na viatu." Nikavua. Arobaini na saba. Hakuna aliyenishika.

Foto ya kifua daktari aliiinua kuelekea mwanga, akakaa nayo. Kuna madoa matatu, moja ni kama kifungo cha shati. Nikamuuliza Kampala watasemaje. Akasema, "Ile tiba ya majuma saba wanamchagulia mtu ambaye ugonjwa umebaki juu. Ukishashuka, inamuumiza bure." Nikamuuliza kama mwezi wa tano ulikuwa umeshuka. Akasema hajui. Naona anajua, lakini ni mtu mwema.

Eugène alipoiona foto yangu, akatoa chini ya godoro foto yake ya kifua ya mwaka jana, alipokuwa anakohoa. Akasema, "Tubandike jina lako. Hiki kifua ni kizuri, hakijatumika." Nilicheka mpaka damu ikatoka puani. Lakini nilikaa nayo siku mbili, Yaya, sikudanganyi. Niliiinua juu kama daktari, nikaitamani.

Halafu nikawaza. Nipande lori na mpira tumboni, nifike, wanilaze kwenye mashine inayopiga picha kila siku, ione siku ya kwanza. Halafu nife kwako, na wewe unirudishe kwa njia hii. Nimemrudishia Eugène foto yake.

Ndani ya bahasha kuna kilo zilizoandikwa na hospitali na foto yangu mwenyewe. Mpe daktari vyote viwili.

Katsuva


Kampala, 6 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Musoki, na asante kwake kwa kila kikombe anachomimina.

Daktari alizipokea karatasi zako, akazisoma akiwa amesimama. Hakuzipeleka mezani. Alinieleza pale pale kwamba chumba kipya hakitakusaidia tena, na cha zamani vilevile, amelitoa jina lako kwenye orodha ya Novemba. Nilimuuliza kama hakuna namna yoyote. Akasema ya kukuponya hakuna, ya kukupunguzia maumivu ipo. Amemwandikia daktari wako kuhusu dawa ya maji ya maumivu, unywe kwa saa zake, usingoje mpaka uchungu ufike, na wasiogope kuiongeza. Inaweza kupita kwenye mpira.

Nafasi imepewa mwanamke wa Arua, mwenye watoto wawili. Ana kilo thelathini na tisa na kifua safi. Jumatatu niliosha sakafu ya kile chumba kabla hajaingia. Alinisalimia kwa Kiswahili, akaniuliza kama ile mashine inauma. Nikamwambia haiumi, lala tu.

Niliomba ruhusa. Wamenipa siku tatu. Siku tatu hazinifikishi hata Mahagi, nikaweka ufunguo wa stoo mezani kwao. Kanyere anabaki na sare zake.

Barua hii inatangulia na lori la mwenzake Gaspard. Mimi nitapanda na Gaspard Jumatano. Anasema tukifika mpakani tunaweza kungoja siku mbili, au kumi na saba kama mara ile, hajui, na wanaosindikiza nao hawajui. Nimembana anipe hesabu hata ya uongo, amekataa.

Kwa hiyo usinijibu. Jibu lako halitanikuta hapa, na mimi sijui nitakukuta vipi. Niko njiani.

Yaya yako,
Kaswera